Diski Ikijaa, Asimame Nani?

Programu ya kusakinisha Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, ilikuwa imefika kwenye ukurasa wa kugawa diski, na alama ya uteuzi ilikuwa juu ya chaguo la kwanza, lile la kuweka faili zote kwenye patisheni moja (kipande cha diski kilichotengwa), ambalo programu yenyewe hulipendekeza kwa watumiaji wapya. Chini yake palikuwa na chaguo la kutenga /home, saraka ya faili za watumiaji, na chini zaidi la kutenga /home, /var ya data inayobadilika na /tmp ya faili za muda. Tulikuwa ghorofani katika ofisi ya mawakala wa forodha isiyo mbali na bandari ya Kilindini, madirisha wazi, feni ikizungusha joto lile lile, na kijana ninayemfundisha kazi ndiye aliyekuwa kwenye kibodi. Nilimwambia ashuke hadi chaguo la tatu, kama ninavyowaambia wote. Hakushuka.

"Ami, samahani," alisema, "kuta hizi tunamjengea nani?"

Nilimpa jibu nililopewa na wakubwa zangu wa kazi, kwamba /var ikijaa isiuangushe mfumo mzima. Ni jibu la kweli. Yeye akafungua kipakatalishi chake akanionyesha mistari miwili ya amri ya df, inayoonyesha nafasi ya diski, aliyoinakili kutoka seva kuukuu ya ofisi hiyo hiyo, ile tuliyoitwa kuibadilisha, siku aliyoikuta imegoma:

/dev/mapper/ofisi-var 9.8G 9.3G 0 100% /var
/dev/mapper/ofisi-home 421G 31G 369G 8% /home

Seva ile iligawanywa na fundi aliyetutangulia, kwa chaguo hilo hilo la tatu. Mfumo haukuanguka. Ulikuwa unakubali kuingiwa, amri zilikuwa zinajibu, na kila kitu nilichomwahidi kijana kuhusu ukuta wa /var kilikuwa kimetimia. Kilichokuwa kimekufa ni kazi ya ofisi.

Siku ile niliomba tusubiri kabla ya kuigawa seva mpya, na swali lake likanikalia kichwani kwa majuma kadhaa, kwenye feri ya Likoni asubuhi na kitandani usiku, kwa sababu mistari ile miwili ilinionyesha ukuta ukifanya kazi yake barabara na bado ukiwaumiza wale uliojengewa.

Nusu gigabaiti isiyoonekana

Utazame mstari wa /var polepole. Ukubwa ni gigabaiti 9.8, zilizotumika ni 9.3, na zilizobaki ni sifuri. Nusu gigabaiti haionekani ilipo. Haijapotea: ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, hutenga asilimia 5 ya bloku zake kwa ajili ya mtumiaji mkuu, mwenye mamlaka yote, isipoambiwa vinginevyo, na df haiihesabu akiba hiyo kuwa nafasi ya kutumiwa na wengine. Desturi hiyo ni ya zamani. Mfumo wa faili wa Berkeley uliotoka na 4.2BSD mwaka 1983 ulitenga asilimia 10, kwa sababu diski iliyojaa pomoni hupunguza kasi ya kuandika, na kwa sababu msimamizi anayekuja kuokoa hali anahitaji mahali pa kuweka mguu.

Sasa angalia ni nani mwenye ruhusa ya kuigusa akiba hiyo. PostgreSQL, programu ya hifadhidata iliyobeba rekodi zote za mizigo, huendeshwa na mtumiaji wake yenyewe asiye na mamlaka ya pekee, na kwenye Debian data yake hukaa ndani ya /var/lib/postgresql. Ikikosa nafasi ya kuandika shajara ya miamala, hujizima yenyewe kuliko kuendelea na data ambayo haina uhakika nayo. Postfix, inayopokea barua pepe na kuzipanga ndani ya /var/spool, hukataa barua mpya nafasi inapokuwa finyu. Zote mbili zilisimama, na zilisimama kwa adabu, kama zilivyoandikwa zifanye.

Lakini rsyslog, programu inayoandika logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, kwenye Debian huendeshwa na mtumiaji mkuu. Yenyewe iliendelea kuandika, ikaingia kwenye akiba. Na ndiyo iliyoijaza diski tangu mwanzo: programu ndogo ya kupokea hati zilizoskaniwa ilikuwa ikilalamikia printa ambayo iliondolewa zamani, sentensi ile ile mchana na usiku, na logrotate, inayofunga logi kuukuu na kuanza mpya, ilikuwa imewekwa kuzungusha faili za logi kwa kalenda, bila kuutazama ukubwa wake.

Mkosaji peke yake ndiye aliyebakiwa na nafasi.

Ng'ambo ya ukuta gigabaiti 369 zilikuwa tupu, na ofisini watu walikuwa wakipekua makaratasi kutafuta hati za shehena, ilhali kontena likishamaliza siku zake za bure bandarini huanza kuhesabiwa gharama ya kuhifadhiwa siku kwa siku.

Majina haya yametoka wapi

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kujiuliza kama mgawanyo tunaourithi uliwahi kuwa na mbunifu. Nilichokikumbusha upya akilini ni historia ambayo wengi wetu tuliisikia tukaipita.

Unix, mfumo endeshi ambao Linux imeufuata, ilianza mwaka 1969 kwenye maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao, kwanza kwenye mashine ya PDP-7 kisha PDP-11. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo mno. Diski iliyobeba mfumo ilipojaa, programu zilizokosa nafasi zilihamishiwa diski ya pili, ambayo ilikuwa imepachikwa kwenye /usr na kubeba saraka za watumiaji. Kwa hiyo ile tofauti ya /bin na /usr/bin, saraka mbili za programu, ambayo vizazi vya wasimamizi vimeieleza kwa falsafa ndefu, ilianza kwa sababu diski moja haikutosha. Baadaye watumiaji walihamishwa, programu zikabaki, na jina likabaki nazo.

Sababu za maana zilikuja baada ya mpaka kuwapo. Bakapu zilifanywa kwa tepu, kwa amri ya dump ambayo huuchukua mfumo wa faili kama kitu kimoja, hivyo ilifaa kutenga kinachobadilika kila siku na kile kisichobadilika kwa mwaka. Mashine ikizimika ghafla, fsck, amri ya ukaguzi, ilikagua kila mfumo wa faili kutoka mwanzo hadi mwisho, hivyo ilifaa sehemu ziwe ndogo. Kisha zikaja kompyuta zisizo na diski, zilizokuwa zikishiriki /usr moja kupitia mtandao, kwa kusoma tu. Ili /usr isomwe bila kuandikwa, kila kilichokuwa kikiandikwa ndani yake kilipaswa kuhamishwa. Ndipo /var ilipoenea, na kanuni ya mpangilio wa saraka za Linux, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Februari 1994, inaieleza /var kwa sababu hiyo hiyo.

Hizo zilikuwa sababu za watu wenye akili waliokuwa na mashine zao mbele yao. Nazo zimekufa moja baada ya nyingine. Fedora 17, mfumo mwingine wa Linux, iliziunganisha /bin na /usr/bin mwaka 2012, na Debian 12 ya mwaka 2023 haikubali tena mpangilio mwingine. Mfumo wa ext3, ulioingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux mwaka 2001, ulileta jarida linaloandika mabadiliko kabla hayajafanyika, na hapa Mombasa, ambapo stima hukatika bila taarifa, manufaa yake tunayajua: seva inarudi kwa sekunde chache badala ya kukagua diski nzima. Bakapu leo huchukua faili moja moja, na tepu ofisi ndogo haina.

Nilipofika hapo nilikuwa karibu kumwambia kijana kwamba ameshinda, na kwamba chaguo la kwanza lilikuwa limetosha.

Kukua na kufurika

Hoja yake ilikuwa na nguvu zaidi ya alivyoisema. Ukuta hauongezi hata baiti moja. Unachofanya ni kuileta karibu siku ambayo mtu ataambiwa hakuna nafasi. Kama seva ile ingekuwa na mfumo mmoja wa faili, zile gigabaiti 369 zingekuwa za wote, na hifadhidata ingezipata bila kumwomba mtu.

Basi nilikaa nikapiga hesabu. Programu iliyopagawa, inayoandika megabaiti 1 kwa sekunde kwenye logi, huandika zaidi ya gigabaiti 84 kwa siku. Nafasi yote ile ya /home ingeiburudisha kwa siku 4 na ushei, kisha kila kitu kingesimama kwa pamoja: hifadhidata, barua, faili za watumiaji na mfumo wenyewe. Hati za ofisi, kwa upande mwingine, zilikuwa zimechukua gigabaiti 31 katika maisha yote ya seva. Kwao nafasi ile ile ni miaka mingi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunifungukia. Tulikuwa tunaita kwa jina moja, kujaa kwa diski, matukio mawili ambayo hayana uhusiano. Kuna data inayokua kwa sababu watu wanafanya kazi. Hiyo inastahili nafasi, na kila ukuta mbele yake ni kero. Na kuna data inayofurika kwa sababu kitu kimeharibika; hiyo haistahili nafasi yoyote, na kuipa zaidi ni kuchelewesha tu habari mbaya mpaka iwe kubwa.

Ukuta hufaa dhidi ya kufuriko, na hudhuru penye ukuaji.

Nikarudi kuitazama /var kwa jicho hilo. Ndani yake kuna /var/log, ambayo ndiyo hufurika. Kuna /var/lib/postgresql, ambayo hukua, na ambayo ndiyo mali yenyewe ya ofisi. Kuna /var/mail na /var/spool, ambazo hukua na mara nyingine hufurika barua za takataka zinapovamia. Kuna /var/cache/apt, ambayo ni vifurushi vilivyopakuliwa na vinavyoweza kufutwa vyote leo bila hasara. Kitu pekee kinachoviunganisha ni kwamba vyote hubadilika, na kubadilika kulikuwa na maana wakati /usr ilipokuwa ikisomwa kupitia mtandao.

Kwa hiyo ukuta wa chaguo la tatu ulikuwa umemfungia hifadhidata na logi chumba kimoja, kisha ukaulinda mfumo endeshi uliokuwa nje. Debian inapakuliwa bure na kusakinishwa upya kabla ya adhana ya alasiri. Rekodi za mizigo ya ofisi hazipatikani popote pengine. Mwaka 1975 mfumo endeshi ulikuwa kitu cha thamani kilichokuja kwa tepu, na kuutanguliza kulikuwa na haki yake. Leo ndio sehemu rahisi kuliko zote za mashine, na bado tulikuwa tunauzungushia ukuta wa kwanza.

Sikusema ukuta ule haukuwa na faida. Nilisema umezunguka kitu kisicho chake.

Mipaka isiyo kuta

Wapo watakaosema swali hili lilijibiwa kitambo, nami naikubali sehemu kubwa ya hoja yao. Kampuni ya Sun ilipoitoa ZFS, mfumo wake wa faili, hadharani mwaka 2005, ilikuja na wazo la kuziweka diski zote katika hazina moja, ambayo mifumo mingi ya faili huchota kwayo kadiri inavyohitaji. Kila mmoja unaweza kuwekewa ukomo usiovukwa, na unaweza pia kuwekewa akiba ambayo wengine hawawezi kuigusa. Hizo ni ahadi mbili tofauti kabisa. Ukomo humzuia mwenye kufurika. Akiba humlinda mwenye kukua. Patisheni ya kawaida huzifunga ahadi zote mbili pamoja, kwa kipimo kimoja, na hulazimika kuzitimiza hata pale moja yake haina manufaa.

Inafaa kutazama kile FreeBSD, mfumo endeshi wa ukoo wa Berkeley, hufanya ikisakinishwa juu ya ZFS. Ingeweza kuweka kila kitu pamoja, maana hazina ni moja. Badala yake huunda mfumo wa faili wa /var/log peke yake, wa /var/mail peke yake, wa /var/tmp na wa /tmp, ikiwanyima baadhi yake ruhusa ya kuendesha programu. Kuta zimeondolewa, lakini mipaka imeongezeka, na imechorwa ndani ya /var, pale pale ambapo chaguo la tatu la Debian halikugusa.

Hata ext4 imesogea upande huo. Tangu kerneli ya 4.5 ya mwaka 2016 inaweza kuwekea ukomo saraka nzima pamoja na vilivyomo, jambo ambalo XFS, mfumo mwingine wa faili, ilikuwa nalo kabla yake.

Kwa nini basi hatukuweka ZFS pale ofisini? Kwa sababu leseni yake haikuiruhusu iingie ndani ya kerneli ya Linux, na kwenye Debian moduli yake hujengwa upya kila kerneli inapobadilishwa. Mikononi mwa msimamizi anayekuwepo kila siku si tatizo. Ofisi hii haina msimamizi. Ina mhasibu mwenye bidii na namba yangu ya simu. Nilitaka kitu ambacho kinawaka pamoja na kerneli yenyewe, baada ya kila sasisho, pasipo mtu kukishikia taa. LVM, inayogawa diski kwa voliumu zinazoweza kubadilishwa ukubwa, pamoja na ext4 hutoa ukuta unaosogezeka, na kwa hapa nililiona hilo kuwa bora.

Sababu ya usalama, ambayo vitabu huitaja kwanza, naipitia haraka. Kupachika /home au /srv kwa nosuid na nodev, masharti yanayozuia programu kujipa mamlaka ya mwenye faili na yanayopuuza faili za vifaa, ni jambo la busara, na mfumo endeshi wa OpenBSD umelijenga ndani ya mgawanyo wake wa kawaida wenye sehemu nyingi. Kuhusu noexec, inayokataza kuendesha programu, nina imani ndogo, kwa kuwa hati ya maagizo bado huendeshwa kwa kuipitisha kwenye sh, programu inayosoma maagizo, na /tmp yenye noexec huvuruga maandalizi ya baadhi ya vifurushi vya Debian. Zaidi ya hayo, Linux huweza kuipachika saraka juu yake yenyewe na kuipa masharti hayo bila patisheni mpya, na Debian 13 imeihamishia /tmp kwenye RAM kwa chaguo-msingi. Usalama peke yake haudai tena tuikate diski.

Logi zikinyimwa nafasi

Palibaki shaka moja ambayo ilinichelewesha kuliko zote. Nikiitenga /var/log na kuiwekea ukuta, siku ya kufurika logi ndizo zitakazosimama, na hifadhidata itaendelea. Ofisi itafanya kazi, lakini itafanya kazi bila kumbukumbu ya yaliyotokea. Je, hilo ni sawa?

Kwenye benki lisingekuwa sawa. Huduma ya ukaguzi ya Linux, auditd, ina mpangilio unaoamua kitakachofanyika nafasi yake ikiisha, na miongoni mwa majibu yanayokubalika ni kuizima mashine. Mwanzoni nilidhani huo ni ukali usio na maana. Sasa naona ni uamuzi wa heshima: kuna mahali ambapo muamala usioandikwa ni bora usifanyike kabisa, na mtu aliyepanga hivyo amesema waziwazi nani asimame kwanza.

Wakala wa forodha ana mahitaji mengine. Ushahidi wa kazi yake umo ndani ya hifadhidata na ndani ya hati zilizoskaniwa, na logi za mfumo ni za kutusaidia mimi na kijana kutafuta hitilafu. Tukizipoteza za saa chache, tutahangaika sisi wawili. Hifadhidata ikisimama, watahangaika wafanyakazi wote na wateja wao. Nilimwuliza meneja swali hilo kwa maneno hayo, bila kutaja diski wala saraka, na hakuchukua muda kujibu. Ilinigusa kwamba katika miaka yote ya seva ile hakuna aliyewahi kumwuliza. Uamuzi ulikuwa wa biashara yake, na ulifanywa na alama ya uteuzi kwenye ukurasa wa samawati.

Tangu hapo nimeanza kumwuliza kila mteja kabla sijagusa mashine.

Tulivyoigawa

Seva mpya ina diski mbili za terabaiti 2, moja ikiwa nakala hai ya mwenzake. Jedwali la patisheni ni GPT. Lile la zamani la MBR, la tangu mwaka 1983, hukubali patisheni kuu nne tu, na kwa sekta za baiti 512 huishia terabaiti 2 na ushei, hivyo diski hizi zingeingia kwa kubanwa na zile zitakazozifuata zisingeingia. Mwanzoni mwa diski kuna patisheni ya EFI ya kuwashia mashine, ambayo lazima iwe ya FAT ili programu ya ubao iweze kuisoma, kisha /boot. Kuta hizo mbili si za kuchagua, nami nimezipa nafasi ya kutosha kwa sababu kerneli za zamani hurundikana ndani ya /boot mpaka sasisho linashindikana katikati.

Sehemu yote iliyobaki ni ya LVM. Mzizi, yaani / yenyewe, ulipewa gigabaiti 30, ukiwa na /usr, /home na /var yote ambayo haikutengwa, kwa kuwa hakuna anayeishi kwenye /home ya seva hii. Hifadhidata ilipewa 200 zake peke yake, zilizopachikwa juu ya /var/lib/postgresql. Hati zilizoskaniwa ziko kwenye /srv yenye 500. Swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM, ni 8. Ile kanuni ya kuifanya mara mbili ya RAM niliiacha, maana mashine yenye RAM ya siku hizi ikianza kutegemea swapu kubwa huwa imeshakuwa nzito kiasi cha kutotumika. Na /var/log ilipewa 15, pamoja na agizo kwa journald, mtunza logi wa pili, isivuke gigabaiti 2, ingawa yenyewe hujiwekea ukomo wa asilimia 10 ya mfumo wa faili na haivuki 4.

Kijana alipendekeza tuiondoe ile akiba ya asilimia 5 kwenye /srv, na nilikubali kuipunguza hadi 1 kwa amri ya tune2fs, kwa sababu pale hakuna huduma ya mtumiaji mkuu inayohitaji kuokolewa. Kwenye /var/log tuliiacha ilivyo. Alikumbuka pia kuangalia df -i, jambo ambalo mafundi wengi husahau: ext4 huamua idadi ya inodi, rekodi inayohitajika kwa kila faili, siku ya kuundwa, moja kwa kila kilobaiti 16 kwa kawaida, na mfumo wenye mamilioni ya faili ndogo unaweza kusema umejaa huku gigabaiti zikionekana tele. Kwa /srv ya gigabaiti 500 hiyo ni karibu inodi milioni 33. Hati za ofisi ni kurasa nzito za skani, hivyo tulitosheka.

Kisha tuliijaribu. Tuliijaza /var/log kwa makusudi, kwa faili moja kubwa iliyoandikwa na mtumiaji mkuu mpaka akiba nayo ikaisha, huku kijana akiingiza rekodi za majaribio kwenye hifadhidata kutoka mashine ya pili. Logi zilinyamaza. Rekodi ziliendelea kuingia.

Terabaiti isiyo na mwenyewe

Ukijumlisha vipimo hivyo utaona zaidi ya terabaiti 1 haikupewa mtu. Hilo ndilo lililomshangaza meneja kuliko yote, naye aliomba kwa upole nafasi hiyo yote iongezwe kwenye /srv mara moja, ili pesa zilizonunua diski zisilale. Ni ombi la haki, na lilinipa kazi ya kulieleza vizuri.

Mfumo wa ext4 hupanuliwa ukiwa unatumika. Amri moja, lvextend -r -L +50G pamoja na jina la voliumu, huongeza nafasi na kuutanua mfumo wa faili, na waliopo ofisini hawatajua. Kuupunguza ni lazima kwanza uondolewe kazini, ukaguliwe, upunguzwe, kisha urudishwe, na kila hatua ina hatari yake. Ukiwa wa XFS hupanuka vizuri sana lakini kuupunguza si jambo la kutegemea. Nafasi iliyokwisha kutolewa hairudi kirahisi. Isiyotolewa inaweza kwenda popote panapohitaji. Kwa ofisi ambayo haijui kama mwaka ujao itakua kwa hati au kwa rekodi, terabaiti ile kutokuwa na mwenyewe ndiyo matumizi yake bora.

Yuko ambaye angeweka upanuzi ujifanye wenyewe. Nililipima hilo na kulikataa, kwa sababu mashine haiwezi kutofautisha kukua na kufurika, na ikipewa ruhusa itailisha programu iliyopagawa mpaka terabaiti iishe. Kilichopo ni onyo la barua pepe kwa mhasibu, kwangu na kwa kijana, voliumu yoyote inapofika asilimia 80, mapema kiasi kwamba barua yenyewe bado ina nafasi ya kutumwa.

Pamoja na onyo hilo kuna karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva, yenye utaratibu wa kutoa nafasi. Hifadhidata ndiyo ya kwanza kupewa, gigabaiti 50 kila mara. Ya pili ni /srv, kwa 100. Mzizi hupewa baada ya mmoja wetu kuona kilichoukuza. Na /var/log haiongezewi chochote, hata ijae mara ngapi, mpaka ijulikane ni programu gani inayoandika, na inaandika nini.